Kukomaa Kwanza, Kuiva Baadaye

Marehemu mama yangu alikuwa hodari wa kuvundika ndizi. Mkungu ulipoletwa kutoka shambani hakuufunika mara moja. Aliugeuza kwanza, akazitazama ndizi kichane kwa kichane. Ndizi changa huwa nyembamba na kingo zake ni kali. Ndizi iliyokomaa huwa imejaa, na kingo zake zimefifia. Aliporidhika, ndipo alipoufunga mkungu kwa majani makavu ya mgomba na kuuweka darini juu ya jiko. Baada ya siku chache nyumba nzima ilinukia. Lakini siku moja sisi watoto, kwa uroho wetu, tulikata mkungu mchanga tukauvundika kwa siri. Maganda yakawa meusi, na ndani ndizi zilikuwa zimesinyaa, zina ukakasi wa kukunja uso. Hazikuliwa mbivu, wala hazikufaa tena kupikwa. Mama hakutuchapa. Alisema tu kwamba joto la jiko huivisha ndizi lakini haliikomazi. Kukomaa ni kazi ya shambani.

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa mzee wa kanisa, na yalinirudia kwa uchungu. Ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Swali ninalotaka tulifikirie, ndugu msomaji, ni hili: Kiongozi wa kanisa anapoanguka kwa sababu aliwekwa kabla hajakomaa kiroho, je, dhambi ni yake peke yake? Na huo ukomavu wenyewe ni kitu gani, hata sisi tunaochagua tuweze kuutambua?

Usharika wetu ulikuwa na mitaa kadhaa na mchungaji mmoja tu. Mtaa mmoja wa mbali ulibaki bila mwinjilisti, watu wakaanza kutawanyika. Wakati huo alikuwapo kijana mmoja ambaye kila mtu alimpenda. Alikuwa na sauti ya kuimba iliyowatoa watu machozi. Akihubiri, hata walevi wa njiani walisimama kusikiliza. Alikuwa ameokoka kwa muda usiozidi miaka miwili. Baraza la wazee lilikaa, na mimi ndiye niliyesema kwa nguvu kuliko wote kwamba tusimzuie Roho Mtakatifu, tumpe kijana kazi. Mtaa ulimhitaji, naye alikuwa na kipawa. Tungoje nini?

Siku mbili baadaye nilikutana njiani na mama mmoja mkongwe, mtu wa ushirika wa Uamsho tangu ujana wake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akatua kuni zake, akaniuliza, "Mwanangu, huyo kijana mmewahi kumwona akiambiwa amekosa? Alifanyaje?" Nilifikiri, nikatambua kwamba sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sisi wote tulikuwa tukimpongeza tu. Nikamjibu mama yule kwamba Mungu atamfundisha akiwa kazini. Alinitazama, akajitwika kuni zake, akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mtaa ulijaa, kwaya ikapata sare mpya. Mwaka wa pili, baada ya sadaka ya mavuno, mtunza hazina wa mtaa, baba mmoja mpole, aliuliza mbele ya kamati kuhusu fedha kidogo ambazo hazikuwa na stakabadhi. Pengine palikuwa na maelezo rahisi. Mpaka leo sijui kama kijana aliiba au alisahau kuandika. Lakini hakueleza. Aliwaka kwa hasira, akasema anayemgusa mtumishi wa Bwana anamgusa Bwana. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba mtunza hazina haruhusiwi kukaribia Meza ya Bwana. Baba yule alikaa nyuma ya kanisa miezi saba, ametengwa kwa kosa la kuuliza swali. Jamaa zake waliondoka. Wengine wakaondoka baada yao. Mambo yalipofika kwetu, mtaa ulikuwa umegawanyika vipande viwili, na kijana mwenyewe akaacha kazi, akaacha na kanisa.

Wakati ule wazee wengi tulisikitika, tukasema kwamba kijana ametuangusha. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini nilipokuwa nikisoma waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, nilikuta mambo mawili ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiyapita. La kwanza liko katika sura ya 3, mstari wa 6, ambapo Paulo anakataza askofu asiwe mtu aliyeingia katika imani juzi juzi, na anatoa sababu. Hasemi kwamba mtu huyo hajui mambo, wala kwamba hana kipawa. Anasema atajaa majivuno na kuanguka. La pili liko katika sura ya 5, mstari wa 22. Hapo Paulo anamwonya Timotheo asiharakishe kumwekea mtu mikono, na papo hapo anaongeza kwamba asishiriki dhambi za wengine. Mambo hayo mawili yako katika mstari mmoja. Anayeweka mikono kwa haraka huingia katika dhambi za yule anayewekwa. Sikuwa nimeambiwa hivyo, au niliambiwa sikusikia.

Basi ukomavu wa kiroho ni nini? Wengi hudhani ni miaka. Mwenye mvi ndiye aliyekomaa. Naam, umri ni shule, lakini si kila aliyekwenda shule amefaulu. Katika nchi jirani ya Rwanda, mwaka 1994, watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilisikiliza kesi za baadhi ya viongozi wa dini, na mwaka 2003 ilimtia hatiani mchungaji mmoja ambaye wakati wa mauaji yale umri wake ulikaribia miaka 70. Mtu yule alikuwa ametumika kanisani kwa miaka mingi. Miaka peke yake haikomazi.

Wengine hudhani ukomavu ni elimu. Elimu ni njema, na kanisa lisilosomesha watumishi wake linajidanganya. Lakini mwandishi wa waraka kwa Waebrania, mwishoni mwa sura ya 5, anapolinganisha watoto wanaonyweshwa maziwa na watu wazima wanaokula chakula kigumu, hasemi kwamba mtu mzima ni aliyesoma sana. Anasema ni yule ambaye akili zake zimezoezwa, kwa kutumiwa mara kwa mara, kupambanua mema na mabaya. Hilo ni zoezi, nalo hufanyika shambani, si darini.

Wengine tena, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani ukomavu ni kipawa. Tunaona maua tunasema matunda yamefika. Kipawa ni zawadi. Chaweza kutolewa kwa siku moja, hata kwa mtoto. Tabia haitolewi hivyo. Wakristo wa Korintho hawakupungukiwa na karama yoyote, Paulo mwenyewe anakiri hivyo mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza kwao. Hata hivyo katika sura ya 3 anawaambia kuwa bado ni watoto wachanga katika Kristo, kwa sababu ya wivu na fitina. Watu walewale walikuwa na karama nyingi na uchanga mwingi kwa pamoja.

Mimi nimefikia kuamini kwamba alama ya ukomavu ni ile aliyoniuliza mama yule njiani. Mtu hufanyaje anapoambiwa amekosa? Tazama Sauli na Daudi. Wote wawili walikuwa wafalme waliotiwa mafuta, na wote wawili walikosa. Ukipima makosa yao kwa macho ya kibinadamu, la Daudi linatisha zaidi, kwa maana alichukua mke wa mtu na kumfanyia mume wake hila hata akauawa. Lakini Samweli alipomwendea Sauli (1 Samweli 15), Sauli kwanza alikana, kisha akawasingizia watu, na mwisho alipokubali kosa aliomba kitu kimoja: apewe heshima mbele ya wazee. Nathani alipomwendea Daudi (2 Samweli 12), Daudi hakutafuta maelezo. Alikiri kwamba amemkosea Bwana, wala hakumfukuza nabii. Sauli alishughulika na jina lake, Daudi na kosa lake.

Au mtazame Petro. Paulo anaeleza katika sura ya 2 ya Wagalatia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso huko Antiokia, tena mbele ya watu wote, kwa sababu alijitenga na Wakristo wa mataifa kwa kuwaogopa watu. Petro alikuwa mkubwa katika mitume, na Paulo alikuwa mtu aliyeitwa baadaye, tena aliyewahi kulitesa kanisa. Petro angeweza kusema, "Wewe ulikuwa wapi Bwana alipotembea nami juu ya maji?" Lakini katika waraka wa pili wa Petro, sura ya 3, tunamkuta akimtaja Paulo kuwa ndugu mpendwa. Mtu aliyeumbuliwa hadharani anamwita aliyemuumbua ndugu mpendwa. Huo, ndugu zangu, ndio ukomavu.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, na Uganda, na mwaka 1939 ulikuwa umefika Katoke, upande huu wa Tanganyika. Katika historia yake mtu ninayemkumbuka zaidi ni Blasio Kigozi, aliyekuwa akifundisha wainjilisti pale Gahini. Alikuwa mwalimu na mtumishi wa kanisa, lakini aliona kwamba kazi yake haina nguvu. Hakuwalaumu wanafunzi. Alijitenga na watu kwa siku kadhaa kuomba, akaiona dhambi yake mwenyewe, na alipotoka aliwaomba msamaha watu aliokuwa amewakosea. Alifariki Januari 1936, angali kijana. Alikuwa ameandaa mambo ya kuiambia sinodi ya kanisa lake huko Uganda, na mojawapo lilihusu ubaridi wa kanisa lenyewe. Alikuwa na haki ya kuuliza swali hilo, kwa sababu alikuwa amejiuliza yeye kwanza. Tazama pia kwamba hakuwa na mvi. Ukomavu waweza kumjia kijana, kama waweza kumkwepa mzee.

Tena yuko Askofu Festo Kivengere wa Uganda, ambaye katika ujana wake alifundisha shule ya sekondari huko Dodoma. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, ilimbidi kukimbia nchi yake. Nani angemlaumu kama angemchukia Idi Amin? Lakini alieleza wazi, katika kitabu alichokichapisha mwaka huohuo, kwamba aligundua chuki ndani ya moyo wake, akaitubu. Askofu mwenye jina kubwa duniani alikubali kuambiwa na Bwana wake kwamba amekosa, katika jambo ambalo watu wote wangemwona ana haki. Kisha akalisema hadharani.

Hapa mtu aweza kunipinga. Atasema, "Mzee, wewe unasema tungoje, na huku kundi linatawanyika. Tukingoja mtu mkamilifu, hakuna atakayeongoza." Pingamizi hili ni la kweli nusu. Ni kweli hakuna mkamilifu. Lakini sisemi tutafute asiyekosa. Daudi alikosa na Petro alikosa. Nasema tutafute anayeweza kuambiwa. Watu wa namna hiyo wapo, ila mara nyingi hawana sauti nzuri, kwa hiyo hatuwaoni. Na kuhusu kundi kutawanyika, mtaa wetu ulitawanyika zaidi mikononi mwa mchungaji mchanga kuliko ulivyokuwa umetawanyika ulipokuwa hauna mtu. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, nasi tuliifanya methali hiyo kuwa ya kuwaimbia watoto tu.

Mwingine atanikumbusha habari za Ambrosi wa Milano. Mwaka 374 watu wa mji ule walimchagua kuwa askofu akiwa gavana, hata ubatizo alikuwa hajaupokea. Alibatizwa, na baada ya siku chache akawekwa wakfu, na akawa mmoja wa walimu wakubwa wa kanisa. Je, huyu hakuvundikwa? Ndiyo, alivundikwa. Lakini tuangalie aliona nini mwenyewe. Aliandika baadaye kwamba alilazimika kufundisha kabla ya kujifunza, wala hakulisema kwa kujisifu. Akiwa askofu tayari, alikaa chini ya mafundisho ya padri Simplisiano kama mwanafunzi. Kama yupo anayeinuliwa ghafula na bado anatafuta mwalimu, huyo alikuwa amekwisha kukomaa kabla ya kupelekwa darini.

Na Augustino, ambaye alibatizwa na Ambrosi, mwaka 391 alikamatwa na waumini wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, wakamburuta kwa askofu wao Valerio awekewe mikono ya upadri. Alilia. Waliokuwapo walidhani analia kwa kuwa hakupewa uaskofu. Kumbe mtu huyu, aliyekuwa msomi na mwalimu wa ufasaha katika miji mikubwa, alikuwa ameiona hatari ya kazi ile. Baadaye alimwandikia Valerio barua ya kuomba muda wa kujifunza Maandiko. Kijana wetu hakulia siku tulipomweka. Alitabasamu, nasi tukapiga vigelegele. Nafikiri ingefaa mmoja wetu alie.

Miaka minne baada ya mambo haya nilimkuta kijana yule mjini, anauza nguo za mitumba. Nilitaka kupita upande wa pili wa barabara, lakini alikuwa ameniona. "Shikamoo mzee." Nikamwitikia. Tukasimama tukiwa hatuna la kusema. Kisha akaniuliza habari za yule baba mtunza hazina, nikamwambia amezeeka lakini yu mzima. Aliinama akipangapanga mashati yake, akasema, "Mzee, mlikuwa mnanipigia makofi kila siku. Yule baba alikuwa mtu wa kwanza kuniambia jambo. Nikamwona adui."

Sikulala vizuri usiku ule. Samaki mkunje angali mbichi, nasi hatukumkunja. Tulimpaka mafuta, tukamsifu, tukamweka juu, na alipovunjika tukasema ni mgumu. Zaidi ya hayo nilijiona mimi mwenyewe. Mama yule aliniuliza swali, nami nilimjibu kwa neno zuri la dini ili nisilazimike kulifikiria. Miaka minne nilikuwa nikisema kijana alituangusha. Basi nani hakuweza kuambiwa? Nilikuwa namtafuta mtu mchanga katika mtaa, kumbe alikuwa pia katika baraza la wazee, ana mvi, na anashika ufunguo wa sanduku la sadaka.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nafasi, nikasimama mbele ya usharika. Nilisema kwamba ni mimi niliyesukuma kijana awekwe kwa haraka, kwamba nilionywa sikusikia, na kwamba miezi saba ya yule baba kukaa nyuma ya kanisa ilikuwa pia juu yangu. Nilitetemeka kuliko siku yoyote niliyowahi kuhubiri. Mama mkongwe hakuwapo. Alikuwa ametangulia mbele za haki mwaka mmoja kabla. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba alisema kweli, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu wakati ule, kila tunapoletewa jina la mtu wa kuwekwa katika kazi, nauliza lile swali lake. Ameshawahi kuambiwa amekosa? Na nani? Alifanyaje? Kama hakuna anayejua, nasema tungoje, na tusingoje bure: tumpe kazi ndogo, mahali ambapo yuko mtu wa kumkosoa kwa upendo, tuone. Wakati mwingine wenzangu hukasirika, husema nazima Roho. Nami hukaa kimya, nikakumbuka kwamba nami niliwahi kusema maneno hayohayo. Na kwa wale ambao tayari wako kazini, tusidhani kwamba kuwekewa mikono kumemaliza wajibu wetu kwao. Kiongozi asiye na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Ndugu, hapo umekosea," yuko katika hatari kubwa, hata kama kanisa lake limejaa mpaka nje.

Nawe ndugu msomaji, labda si mchungaji wala mzee wa kanisa. Pengine ni baba tu au mama katika nyumba yako, au mwalimu wa watoto kumi wa shule ya Jumapili. Hata hivyo kuna watu wanaokufuata. Nakuomba ujiulize ni lini mara ya mwisho mtu alipokuambia umekosa, na yule mtu yuko wapi sasa. Kama bado anaketi karibu nawe, mshukuru Mungu. Kama amehamia viti vya nyuma, inuka uende ukamtafute.